Kasoro Yake ni Ndevu

Katika kesi ya madai kwenye mahakama za shirikisho Marekani, kila upande unaweza kuwakataa watu watatu wa juri bila kutoa sababu. Jaji haulizi, wakili haelezi, mtu anarudi nyumbani na shukrani za serikali. Tangu 1991 ni mwiko, hata kwenye madai, kumkataa mtu kwa rangi yake, na wakili anayeshukiwa hutakiwa kueleza sababu. Basi mawakili wakaongoka, masikini: sasa wanakataa nywele. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, katika kesi ya jinai, iliona kwamba nywele ndefu na ndevu ni sababu isiyohusu rangi. Jimbo la Arizona lilichoka, likaufuta kwenye mahakama zake utaratibu wa kukataa bila sababu kuanzia 2022. Kwingineko, ukiitwa kwenye juri, pitia kwanza kwa kinyozi.