Ukikuta Kitabu cha Sita, Usikirudishe Mezani

Wapo wasomaji wenye msimamo mkali: mfululizo wa riwaya huanzwa na cha kwanza, ama usiuguse. Nawapenda watu hawa, lakini meza ya vitabu vya mitumba haipangwi kwa matakwa yao. Wangapi walikutana na mpelelezi Bwana Msa kwenye riwaya ya Kisima cha Giningi kabla ya kuuona Mzimu wa Watu wa Kale, na bado wakakesha kwa raha? Basi ukikuta The Virgin in the Ice, riwaya ya sita ya Ellis Peters kuhusu mtawa mpelelezi Cadfael, toa pesa. Tuhesabu sababu, tukishuka.

6. Muuaji habaki na deni. Riwaya ni 20, kuanzia 1977 hadi 1994, na kila moja hufunga kesi yake yenyewe. Hakuna anayekuachia maiti mikononi.

5. Mpelelezi anajulikana upesi. Cadfael ni Mwelshi aliyepigana Vita vya Kwanza vya Msalaba, akawa baharia, kisha ukubwani akavaa kanzu nyeusi ya Wabenediktini kwenye abasia ya Shrewsbury. Aliyefika Peramiho au Ndanda anawajua Wabenediktini. Huyu yeye hutunza bustani ya dawa, na anajua kipi kinaponya na kipi kinaua. Ukimuudhi, usinywe chai yake! (Natania. Ni mtu mwema kuliko wote abasiani.)

4. Vita vinajieleza. Mfalme Stephen na binamu yake Maud wanagombea kiti cha Uingereza. Ni Novemba 1139, mji wa Worcester umeporwa, watu wanakimbilia kaskazini. Watoto wawili wa ukoo wa kikabaila, pamoja na mtawa wa kike anayewasindikiza, hawajulikani walipo. Nani anahitaji vitabu vitano vya utangulizi ili amwelewe mkimbizi?

3. Barafu! Hapa Peters ananimaliza kabisa. Cadfael anavuka kijito kilichoganda karibu na Ludlow, jioni, na chini ya barafu anaona mwili wa msichana. Mwaka huo hakuna maabara, hakuna alama za vidole, hakuna daktari wa kupasua maiti. Inabidi barafu ikatwe kipande kizima, ibebwe hadi nyumba ya watawa ya Bromfield, kisha isubiriwe iyeyuke. Msomaji naye anasubiri, kucha mdomoni. Cadfael anabaki na macho yake, vidole vyake, na kumbukumbu ya majeraha aliyoyaona vitani. Sijui riwaya nyingine ya upelelezi inayoifanya subira iwe na uzito namna hii. Wanaodai kwamba upelelezi bila vifaa vya kisasa unachosha, wapewe sura hizi wasome usiku.

2. Hasara ipo, na ni ya kweli. Rafiki mkubwa wa Cadfael ni Hugh Beringar, kijana mwerevu anayesimamia sheria ya mfalme. Kwenye kitabu cha pili, One Corpse Too Many cha 1979, msomaji hajui kama Hugh ni rafiki au nyoka, na mashaka hayo ndiyo utamu wenyewe. Ukianzia cha sita, jibu unalo tayari. Inauma kidogo. Lakini kitabu hicho kisome tu: Stephen ameiteka Shrewsbury na kunyonga watu 94, Cadfael anakwenda kuwasitiri, anahesabu, anapata 95. Mauaji yamefichwa ndani ya mauaji. Huo ni ubunifu wa kuvuliwa kofia.

1. Siri ya Cadfael mwenyewe. Kwenye kitabu hiki cha sita anapata habari inayotoka ujana wake kule Antiokia, na maisha yake hayawi tena yale yale. Haihusiani na hesabu ya kumnasa muuaji. Aliyesoma vitano vya kwanza anashtuka, na wewe uliyeingia jana unashtuka. Sitaitaja hata ukinibembeleza kwa pilau.

Kwa hiyo anza na cha sita, kisha rudi cha kwanza na cha pili, halafu endelea upendavyo. Sharti ni moja tu: Brother Cadfael's Penance, kitabu cha 20, kinasimama juu ya siri ile ile. Usikifungue mapema.