Mzee wa Chumba cha Seva

Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows Server 2008 tarehe 14 Januari 2020. Taarifa hiyo, kwa heshima zote, haijafika ofisini kwenu. Huko mzee bado yuko kazini, vumbi hadi masikioni, akikagua nenosiri la kila mtu kila asubuhi, mkurugenzi akiwemo. Bajeti ya kumstaafisha ilikuwepo. Ikaenda kwenye mazulia.

Hatimaye seva mpya inanunuliwa, na bosi anauliza kwa nini fundi asichomoe ya zamani akachomeke mpya. Jamani! Domeni ya ofisi, yaani mtandao unaosimamiwa na seva hiyo, ikiwa peke yake ina majukumu 5 ambayo hukabidhiwa seva maalumu, na hayahami kwa kuchomoa waya. Mpya iingie kwanza, inakili orodha ya watumiaji, ikabidhiwe majukumu, ndipo ya zamani ivuliwe madaraka rasmi. Ukiing'oa kabla ya hapo, domeni itaendelea kumwulizia marehemu. Tena kuna suala la saa: Kerberos, itifaki inayohakiki utambulisho, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Ndicho kitu pekee humo ofisini kinachojali uchelewaji.

Kazi inafanyika Ijumaa usiku. Jumatatu printa ya uhasibu imegoma kutuma hata skani moja. Kumbe anwani ya mzee iliingizwa humo kwa mkono kama seva ya DNS, na aliyeiingiza alishahamia kwingine, kwenye mshahara mnono. Mzee anawashwa tena, kwa muda tu. Muda wenyewe haukutajwa kwenye barua ya onyo aliyopewa fundi.