Mtafiti Alikumbana na Changamoto

Ndani ya tasnifu anaishi kiumbe mmoja anayeitwa mtafiti. Mtafiti hali, halali, haunguzwi na jua wala haishiwi nauli. Akikasirika, huandika kwamba "amebaini". Akipotea njia, huandika kwamba eneo la utafiti "ni pana". Nilipoanza shahada ya uzamili niliambiwa kuwa neno "mimi" halina adabu katika kazi ya kitaaluma, na tangu hapo yote yaliyonikuta mimi yameandikwa kana kwamba yalimkuta yeye. Sifa anapata yeye. Viatu vilivyoachama ni vyangu.

Mada yetu, yangu na yake, ilikuwa majina ya kanga. Msimamizi aliipenda kwa sababu inagusa utamaduni. Mimi niliipenda kwa sababu data zake zinaning'inia Kariakoo, na kutoka kwetu Mbagala hadi Kariakoo ni daladala moja.

Sura ya Tatu inasema hivi: "Mtafiti alitembelea maduka ya kanga katika Mtaa wa Uhuru na kufanya mahojiano na wauzaji." Ni sentensi safi, imepigwa pasi. Kilichotokea ni kwamba niliingia dukani na hojaji mkononi, nikamwamkia mama mwenye duka.

"Marahaba, mwanangu. Unamnunulia mama au mchumba?"

Nikasema nafanya utafiti. Uso ukambadilika. Kariakoo, mtu anayeingia dukani na makaratasi badala ya pesa ni wa kodi mpaka athibitishe vinginevyo. Nikatoa barua ya chuo. Akausoma muhuri, barua yenyewe akairudisha. Nikamweleza kwamba ningependa kujua mtazamo wake kuhusu dhima ya kijamii ya majina ya kanga. Hakujibu. Alichukua fimbo ndefu yenye ndoano, akateremsha doti moja kutoka juu, akaitandaza mezani na kunigeuzia upande wenye maandishi: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.

"Haya, swali la pili," akasema.

Mtafiti aliandika: "Baadhi ya watafitiwa walitoa majibu mafupi."

Mama yule alinifundisha pia kanuni ambayo haimo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti nilichosoma, kwamba kanga haiulizwi, inanunuliwa. Ukinunua doti unapata maelezo yote: jina limetoka lini, lilivuma mtaa gani, nani alimvalia nani kwenye harusi ya nani. Usiponunua unapata "sijui, mwanangu, ulizia duka la pili". Basi nikawa nanunua. Kwenye bajeti ya utafiti doti hizo zimeandikwa "vifaa", na hakuna aliyeuliza ni vifaa gani, pengine kwa kuwa bajeti yenyewe ilifadhiliwa na mimi.

Tatizo likawa utunzaji wa data. Kanuni za chuo zinataka data za msingi zihifadhiwe mahali salama. Mimi nilizihifadhi kwenye begi chini ya kitanda, na mama yangu, ambaye hajawahi kuona kanga mpya ikikaa begini bure, akazitoa, akazifua ili zilainike na kuzianika uani. Nilirudi kutoka maktaba nikakuta sampuli nzima iko kwenye kamba, inachuruzika. Nusu yake alikwisha igawa kwa shangazi.

Hapo ndipo utafiti wa kweli ulipoanza. Wiki ile mama alikuwa na mgogoro na jirani yetu kuhusu zamu ya bomba. Hawakuwa wametukanana, maana wote wawili ni watu wazima wenye wajukuu. Asubuhi moja mama alijifunga ile kanga ya simba na meno yake, akachukua ndoo na kwenda bombani bila haraka, akapita mbele ya baraza la jirani kwa njia ndefu. Jioni jirani akapita mbele ya baraza letu amejifunga HASIDI HANA SABABU. Ndoo yake ilikuwa tupu, na bomba liko upande mwingine kabisa. Nikamuuliza mama anajibu nini sasa. Akaniangalia kama mtoto asiye na akili.

"Nijibu nini? Mimi nimevaa nguo tu."

Nilikimbilia daftari. Nilikuwa nimeshuhudia majibizano kamili, kuanzia hoja hadi kanusho, na hakuna aliyefungua kinywa. Msimamizi alipoisoma rasimu alipiga kalamu nyekundu pembeni: "Nani kasema?"

Maneno hayo mawili nimeyazoea kuliko jina langu. Niliandika kwamba kanga ni vazi la wanawake wa pwani, akaandika "Nani kasema?" Niliandika kwamba kanga ina pindo, mji na jina, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea Temeke analijua, akaandika "Nani kasema? Toa rejeo." Mama asingeweza kuwa rejeo kwa kuwa hakuwa ndani ya sampuli, alikuwa ndani ya kanga. Kwa hiyo ili nieleze kilichotokea kwenye uwanja wetu wa Mbagala, ilinibidi niende kwa Saida Yahya-Othman, aliyeandika makala kuhusu majina ya kanga na sauti ya wanawake mwaka 1997, na kwa Rose Marie Beck, ambaye kitabu chake cha mwaka 2001 kimeandikwa kwa Kijerumani. Wote wawili ni wataalamu hasa, na Beck anaeleza vizuri jinsi kanga inavyomwezesha mwanamke kusema jambo huku akiwa na mlango wa kutokea. Nilimsimulia mama. Akauliza kama huyo Mjerumani anamfahamu jirani.

Lakini nilipokuwa nikihangaika na kamusi ya Kijerumani, jambo moja lilinigonga. Mtafiti naye amevaa kanga. "Ilibainika kwamba", "inadaiwa kuwa", "kuna haja ya kuchunguza zaidi": hayo yote ni majina yaliyochapwa kwenye kitambaa, na mwenye kuyavaa akiulizwa atasema amevaa nguo tu. Mtaalamu akiandika kuwa mwenzake "hakuzingatia baadhi ya vipengele", huyo anapita na ndoo tupu mbele ya baraza la mtu. Tofauti ni kwamba mama na jirani walielewana siku hiyohiyo. Wataalamu husubiri toleo lijalo la jarida, na wakati mwingine mlengwa anakuwa amekwisha staafu.

Marejeleo yana maajabu yake. Chuo chetu kinafuata mtindo wa APA, ambao ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba ya wanasaikolojia wa Marekani na leo ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Wanasaikolojia wale wanaamini kwamba kila mwandishi ana ubini, na kwamba ubini ndio utangulie. Shaaban Robert wetu, mtu wa Tanga, akiingia humo anatoka "Robert, S.", na mgeni akisoma atadhani ni afisa wa Kiingereza. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, waandishi wawili wa Zanzibar, wote wanakuwa "Mohamed", mpaka uwatenganishe kwa herufi za mwanzo kama mapacha wa darasa moja. Kuhusu Muyaka bin Haji, nilimuuliza mkutubi niiweke kazi yake kwenye B au kwenye H. Akaniambia ataiacha palepale ilipo kwa sababu yeye anastaafu Juni.

Nilikuwa nimemaliza kutafuta mji wa kila mchapishaji, kazi ngumu hasa pale ambapo kitabu kinataja Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwenye ukurasa mmoja, nikaambiwa kwamba toleo la saba, la mwaka 2019, limeondoa miji yote. Nikaifuta mmoja mmoja. Nairobi niliifuta kwa uchungu zaidi.

Kisha ikaja programu ya kukagua wizi wa maandiko. Nilikuwa na wasiwasi na Sura ya Pili, yenye mapitio ya machapisho. Sura ya Pili ilipita salama. Ukurasa uliong'aa mwekundu kuanzia juu hadi chini ulikuwa ikirari, ule ambao mwanafunzi anatamka kwamba kazi hii ni yake halisi na hajainakili popote. Chuo kinatoa maneno hayo na kumtaka kila mwanafunzi ayaandike kama yalivyo. Kwa mujibu wa mashine, tamko langu kwamba sikuiba niliiba. Ofisi husika ilinishauri nilieleze jambo hilo kwa maneno yangu mwenyewe. Nilipofanya hivyo, ofisi jirani ikalirudisha kwa kuwa halikufuata mwongozo. Mtafiti, kama kawaida, alikumbana na changamoto za kiutawala.

Kilichobaki ilikuwa kanga yenyewe. Nilikuwa nimeinukuu, kwa hiyo ilistahili kuwa kwenye orodha. Haina mwandishi wala tarehe. Mwongozo unasema kazi isiyo na mwandishi iorodheshwe kwa jina lake, na kanga, tofauti na wasomi wengi, jina inalo. Ikaingia kwenye herufi N, baada ya Mulokozi na kabla ya Nurse na Spear, ikifuatiwa na mabano yanayomjulisha msomaji kwamba hiki si kitabu bali ni kanga. Pale imekaa bila kumwogopa mtu yeyote.

Rasimu ikarudi na wino mwekundu: "Ukurasa?" Kweli, nukuu ya moja kwa moja hutajiwa ukurasa. Niliitandaza kanga kitandani, nikaichunguza, nikaandika: "mji, juu ya pindo la chini."

Akaipitisha.