Nyani wa Lodoare Alivyotuendeshea Shoo

Vijana wanaotaka kuwa mameneja wa ziara za wanamuziki hudhani kazi ni kukaa karibu na nyota. Ukweli ni kwamba muziki wanapiga wenzako. Wewe unahangaika na vichwa vya watu, nyaya, kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na sahani za wali.

Wazee wa dansi walikuwa na nafuu. NUTA Jazz ya miaka ya 1960 ilikuwa chini ya NUTA, chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964: vyombo vya chama, mshahara wa chama. Leo kuna promota, na promota akishapokea viingilio hapokei simu.

Bendi yangu ilitoka Dar kwenda kupiga shoo Karatu na fulana tu. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni baridi ya Ngorongoro haibishi hodi. Mpiga gita anatyuni, nyuzi zinakataa. Mpiga ngoma kajifunga shuka la Kimasai hadi puani. Nyota wetu, aliyeujua mji tangu alipokuja mwaka jana peke yake na DJ, alikuwa na koti zito. Hakuwaambia wenzake.

Kesho yake wakaapa hawapandi jukwaani bila kuiona kreta ya Ngorongoro. Nikawaeleza kwamba Coaster haiteremki kule, wanaoteremka ni wenye Land Cruiser, tena kwa malipo. Tukaafikiana: tufike Lodoare, geti la kuingilia hifadhi, tupige picha, turudi.

Getini nyani dume aliingia dirishani, akatukagua mmoja mmoja, akachagua mfuko wa DJ. Ndani mlikuwa na maandazi na flashi yenye shoo nzima, sauti ya nyota ikiwemo. Mpiga ngoma akamrushia ndizi wabadilishane. Nyani akachukua ndizi, mfuko hakurudisha. Askari wa hifadhi akaja mbio, akatukaripia sisi: kulisha wanyama ni marufuku!

Usiku ule nyota, aliyezoea kufuatisha midomo, ikabidi aimbe. Shoo ilipokwisha, mzee mmoja mkulima wa vitunguu kutoka Mang'ola alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, huyu wa leo ndiye mwimbaji. Yule mliyetuletea mwaka jana alikuwa anatudanganya."

Nyota alikuwa nyuma yangu, akasikia. Asubuhi akadai posho iongezwe: kuimba, kumbe, kunachosha.