Tawi la Juu

Hekaya za wanyama hazina tarehe. Hii inazo, kwa sababu wanyama wake waliandikiana barua.

Katika Delta ya Niger, pale mto mkubwa unapochanika vijito na kupenya mikoko hadi baharini, asali iligunduliwa mwaka 1956, kijijini Oloibiri. Ilikuwa nyeusi na ilinuka, lakini wanunuzi hawakuikunjia pua. Baadaye ikaonekana nyingine imelala chini ya bahari, mbali na ufuko. Nyangumi, tajiri wa bahari za mbali, akasimamisha majukwaa katikati ya maji. Kila asubuhi akataka tumbiri wa kukamua wapelekwe, na waliomaliza zamu warudishwe kwao.

Mtumbwi huchelewa, na njiani kuna maharamia. Mkataba wa kuwabeba tumbiri akapewa Mamba. Mamba haruki wala hajawahi kuruka, ila alikuwa na vikapu, na mwenye vikapu ndiye huwaajiri wenye mabawa. Akaagiza korongo kutoka kaskazini.

Korongo tuwape haki yao. Walikulia kwenye ukungu na mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, na walikuja na taratibu ambazo ziliokoa roho. Tumbiri hakupanda kikapu kabla ya kupimwa kwenye mizani, yeye na mzigo wake, na aliyeficha ndizi kwapani alishushwa. Wala hakupanda kabla ya kufundwa kuzama. Alifungwa mkanda ndani ya kikapu kibovu, kikapu kikatumbukizwa bwawani na kupinduliwa, miguu juu kichwa chini, naye akatakiwa ashike ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja, asubiri maji yatulie, afungue mkanda kwa mkono wa pili, ndipo atoke. Mpishi mmoja wa jukwaani, tumbiri mtu mzima mwenye wajukuu, aliibuka maji yanamchuruzika puani, akauliza kama hawawezi kumfundisha korongo asianguke, wakaacha kumfundisha yeye kuzama. Alirudishwa bwawani mara ya pili.

Kwa kazi hiyo korongo walipewa tawi la juu, lenye kivuli na upepo. Walifanya kazi wiki nne, wakarudi kwao wiki nne, nauli juu ya Mamba. Ujira ulikuwa samaki 10 kwa siku.

Chini, kwenye tawi linalogusana na tope, walikaa mdiria. Hawa ni ndege wa pale pale, wavuvi, wanaotaga mayai kwenye mashimo ya kingo za mto. Kazi yao ilikuwa kushika kamba, kuosha vikapu na kubeba mabegi ya korongo. Ujira wao samaki 4. Nitaje jambo moja ambalo mwenye macho yoyote pale mtoni analijua: mdiria mweusi-mweupe husimama hewani. Hupiga mabawa mahali pamoja juu ya maji, kichwa hakitikisiki, akimlia samaki shabaha. Korongo hawezi. Kwa hiyo kwa miaka mingi ndege asiyeweza kusimama hewani ndiye aliyeajiriwa kusimamisha vikapu hewani, na anayeweza alikuwa akimshikia kamba. Pale hapakuwa na aliyeliona hilo kuwa kichekesho, isipokuwa mdiria, nao walichekea shimoni.

Mwaka 2010 Baraza la wanyama likatunga sheria. Hapa naomba nitoke kidogo kwenye ngano, maana sheria hiyo ipo, ni ya Nigeria, na aliyeitia saini ni Goodluck Jonathan, akiwa Kaimu Rais. Inataka kila nafasi inayoshikwa na mgeni katika shughuli za mafuta iwe na mzawa wa kuirithi, akae chini ya mgeni huyo akijifunza kwa muda usiozidi miaka minne, kisha nafasi iwe ya mzawa. Kwenye uongozi, wageni wasizidi asilimia 5. Ni sheria nzuri. Sijaona popote ilipoandikwa kwamba mwajiri ataipenda.

Mamba hakuipenda. Akamwita mshauri wake. Huku kwetu mshauri huyo angekuwa Sungura, lakini katika ngano nyingi za Nigeria mjanja ni Kobe, na ujanja wake hauna mbio: ni ujanja wa ofisini, wa faili na mihuri. Kobe akaisoma sheria siku tatu bila kutoa kichwa nje. Siku ya nne akasema, "Bosi, sheria inasema miaka minne. Haijasema minne ya kikapu gani."

Basi kila mdiria alipokaribia kumaliza, Mamba alinunua vikapu vya aina mpya, vyenye mikanda mipya na vitasa vipya, na saa za kuruka zikahesabiwa upya tangu sifuri. Mdiria mmoja aliyeitwa Tari alianza kuihesabu miaka minne mara tatu. Kwenye taarifa kwa Baraza, Kobe alimwandika kuwa wahitimu watatu.

Tari alikuwa akikaa nyuma ya korongo mzee ambaye wenzake walimwita Kapteni. Kapteni alikuwa ametua pale kijana, akaoa pale, na Kipijini cha Port Harcourt alikiongea vizuri kuliko lugha ya kwao kaskazini. Kila mwaka msimu wa harmatani, upepo wa Sahara unaposhuka na vumbi lake, anga hugeuka rangi ya uji na jukwaa halionekani mpaka uwe juu yake. Asubuhi moja ya Januari walikuwa na tumbiri 12 kikapuni.

"Mzee, mimi silioni jukwaa," Tari alisema.

"Hata mimi. Ulitarajia kuliona wapi?"

"Kulia kidogo. Nasikia maji yakipiga nguzo."

Kapteni akanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Mamba: akamwachia kikapu. Tari akasimama hewani, mahali pamoja, vumbi likipita, hadi nguzo ya kwanza ikajitokeza chini ya miguu yake. Tumbiri wakashuka mmoja mmoja wakitazama vidole vya miguu. Waliporudi, Kapteni aliandika daftarini kwamba aliyetua ni yeye. Tari aliiona ile mistari, akamwoshea kikapu kama kawaida. Wote wawili walijua kilichotokea, na sidhani palikuwa na mmoja kati yao aliyelala vizuri usiku huo.

Halafu bei ikaanguka. Katikati ya mwaka 2014 pipa la asali lilikuwa limepita dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Nyangumi akampelekea Mamba salamu fupi: majukwaa matatu nayafunga, na nauli ya kikapu ishuke. Mamba alilia. Machozi yake mnayajua, sitayaeleza.

"Tutawapunguza korongo," alimwambia Kobe. "Lakini watapiga kelele, na magazeti yataandika kwamba tumefilisika."

"Hatupunguzi mtu, bosi," Kobe akasema. "Tunawapa nafasi wazawa."

Palipigwa ngoma. Chui wa Baraza alikuja na kofia yake nyekundu, akakata utepe uliofungwa kwenye tawi la juu, akahutubia juu ya damu ya mababu. Wakati ngoma zinalia, korongo 12 walikuwa nyuma ya kichaka wakigawiwa bahasha. Barua ilikuwa moja kwa wote, nafasi ya jina tu ndiyo ilijazwa kwa kalamu: tunakushukuru kwa utumishi wako, kibali chako hakitahuishwa, tunakutakia safari njema ya kurudi kwenu.

Jioni ndipo ugomvi ulipozuka pale mtini. Korongo wakasema haya ni mauaji, vikapu vitadondoka, usalama umeuzwa. Mdiria wakajibu kwamba usalama wameusikia miaka yote, na siku zote ulikuwa na miguu mirefu na pasi ya kaskazini. Korongo mmoja akasema, "Tuliwafundisha kazi." Mdiria mmoja akamjibu, "Mara tatu." Kila upande ulikuwa na kipande cha ukweli. Nao walikitumia kupigana wao kwa wao, huku Mamba akiwasikiliza toka majini, macho tu ndiyo yako nje.

Kapteni hakugombana. Alimwita Tari kando akamkabidhi daftari. Ukurasa wa ile asubuhi ya Januari ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya, kwa jina sahihi. Ilikuwa haki, na ilikuwa imechelewa, maana mtu aliyeweza kuisoma haki hiyo na kuitia mhuri alikuwa Kobe.

Kaskazini nako hakukuwa na tawi. Mei mwaka huo huo CHC, moja ya kampuni kubwa kabisa za helikopta duniani, iliomba mahakama ya Marekani iikinge na wadai wake. Korongo waliofika kwao walikuta wenzao wamejipanga kwenye paa za watu, wakisubiri kazi hiyo hiyo.

Kwenye tawi la juu sasa walikaa mdiria watano. Korongo walioondoka walikuwa 12. Hesabu hiyo Chui hakuulizwa. Siku ya kwanza ya malipo Tari akahesabu samaki wake: wanne. Akarudia kuhesabu, kisha akaenda ofisini.

"Kiti ni cha samaki 10," alisema.

"Kiti cha mgeni kilikuwa cha samaki 10," Kobe akamjibu kwa upole. "Ndani yake mlikuwa na posho ya kuishi mbali na nyumbani. Wewe unaishi hapo mtoni, nakuona. Halafu, mdogo wangu, uzalendo unautia bei?"

Sheria ilikuwa imezungumza juu ya nani akae, haikuzungumza juu ya atakula nini akiwa amekaa. Na mimi, pamoja na huruma yangu yote kwa korongo, naona hapo ndipo dhuluma ilipokuwa siku zote, tangu tawi la juu lilipokuwa na wageni watupu. Korongo hawakuwahi kuuliza kwa nini anayeshika kamba analipwa samaki 4. Laiti wangeuliza walipokuwa na nguvu ya kugoma, Mamba asingepata mtu wa bei rahisi wa kuwatishia.

Miaka minne Tari aliruka bila kudondosha tumbiri hata mmoja. Kisha ukaja ugonjwa wa mwaka 2020. Majukwaa yakapunguziwa watu, na Aprili bei ikafanya maajabu: kwa siku moja, pipa la mkataba wa Marekani likaenda chini ya sifuri, muuzaji akawa ndiye anayemlipa mnunuzi. Vikapu vikafunikwa turubai.

Bahasha za mdiria hazikugawiwa kichakani. Zilisukumwa kwenye mashimo yao usiku. Tari akaitoa yake kwenye mwanga. Kobe, kwa kubana matumizi, hakuandika barua mpya. Alichukua ile ya mwaka 2016, akabadilisha jina. Tari akasoma hadi mwisho: kibali chako hakitahuishwa, tunakutakia safari njema ya kurudi kwenu.

Aliisoma akiwa mlangoni kwake.

Msomaji atakayeona nimemsingizia Mamba aitazame Nigeria ya Agosti 2020. Kampuni ya Bristow, iliyobeba wafanyakazi wa mafuta katika delta hiyo kwa miongo mingi, na ambayo miezi miwili nyuma kampuni mama yake ilikuwa imeungana na Era ya Marekani, iliwaachisha kazi marubani na wahandisi zaidi ya 100. Sheria ya 2010 ilikuwa bado inafanya kazi siku hiyo, na haikuwa na kifungu cha kuwasaidia.