Buibui wa Chile na Mjomba wa Tanga

Katika viumbe vyote ambavyo binadamu, kwa upweke au kwa ukaidi, ameazimia kuviweka nyumbani na kuvilisha kwa fedha yake, sijapata kuona kisichomjali mfadhili wake kuliko tarantula, yule buibui mkubwa wa manyoya. Kwani mbwa hukimbilia mlangoni kumlaki bwana wake, na paka, japo kwa tamaa ya samaki, hujisugua miguuni, lakini yeye hukaa palepale alipokaa jana, na aghalabu ndipo alipokaa juzi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na mtu anayetaka kuanza kumfuga imempasa aitie moyoni kabla hajafungua mkoba: ya kuwa kinachonunuliwa ni utulivu, na kwamba masaibu yote yatakayofuata yatatoka kwa watu walioko nje ya kioo, si kwa huyo aliyemo ndani. Mimi hapa Leicester, nchini Uingereza, ninaye mmoja, na ninaye pia mjomba wangu, mtu wa Tanga, ambaye alikuja kututembelea wakati wa baridi akakaa hata majani yakachipua. Na katika hao wawili, aliyenipa kazi ya ufugaji si yule mwenye miguu minane.

Msomaji anayengoja mzaha juu ya buibui la kuvaa asingoje. Mama watoto, ambaye ni mwanamke wa Mombasa na mabuibui yake anayo kabatini, amekwisha kumfanyia mzaha huo kila mgeni aliyetia mguu kwetu, hata umechakaa kuliko vazi lenyewe.

Aina za tarantula hupita 1,000, na mwanafunzi wa kazi hii huonywa mapema asivutwe na ukubwa. Yuko yule jabari wa misitu ya Amerika ya Kusini, Theraphosa blondi, ambaye miguu yake ikitandazwa hukaribia sentimita 30. Na wako jamaa zake ambao Maria Sibylla Merian, yule bibi wa Kijerumani aliyesafiri Surinam kuchora wadudu, aliwaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1705, mmoja wao akimla ndege mdogo juu ya tawi la mpera, picha ambayo baadaye wataalamu waungwana waliipinga wakasema bibi huyo amezua, mpaka Mwingereza Henry Walter Bates alipoandika mwaka 1863 kwamba kule Amazon amemwona kwa macho yake buibui na ndege aliowakamata. Hao ni wa watu wazoefu. Anayeanza hunasihiwa wale wazito wa mwendo na wapole wa tabia: yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, aliyekamatwa na kuuzwa kwa wingi hata mwaka 1985 biashara yake ikatiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, yule wa Amerika ya Kati mwenye nywele za kipilipili, na yule wa Chile ambaye manyoya yake yana rangi ya waridi lililoanza kunyauka. Nikamchagua wa Chile, kwa kuwa alizaliwa kwa mfugaji wala hakuchimbuliwa porini, jambo ambalo mtu muungwana huliuliza kwanza kabla ya bei.

Alikuwa kijana bado, hajakizidi kiganja cha mtoto, na muuzaji alipoulizwa kama ni jike au dume alijibu, kwa ukweli usio ada ya wauzaji, ya kuwa hajui. Swali lile halikuwa la upuuzi. Jike huishi miaka 20 na huweza kuipita, ilhali dume, akisha kujivua gamba la mwisho na kubaleghe, hushikwa na hamu ya kutafuta mchumba, akazungukazunguka, asile, na aghalabu hamalizi miaka miwili tangu siku ile. Kwa hiyo mtu hulipa fedha yake asijue kama amemkaribisha msafiri wa kupita au ameongeza jina katika wasia wake.

Mjomba alipopata habari ya ununuzi huo alighadhibika, wala si kwa ajili ya buibui, maana yeye ni mtu wa msikitini, anayeihifadhi sura ya Al-Ankabut, yaani ya Buibui, na aliyelelewa kumstahi mdudu huyo kwa ajili ya ile simulizi ya Mtume katika pango la Thawr na utando uliofumwa mlangoni pake. Alighadhibika kwa ajili ya Chile. "Mwanangu," akaniambia, "umekwenda hata Chile kutafuta buibui? Kwetu wamekwisha?"

Kwetu hawajaisha, na hapo ndipo fitina ilipoingia nyumbani. Katika orodha ya muuzaji yumo tarantula wa Afrika ya Mashariki, Pterinochilus murinus, ambaye wa rangi ya chungwa huuzwa kwa jina la Usambara, na wa rangi ya dhahabu iliyofifia huuzwa kwa jina la Mombasa. Mjomba, aliyesoma chuoni utotoni mwake chini ya milima ya Usambara, aliposomewa jina lile alifuta miwani, akataka lirudiwe. Naye mama watoto akadakia jikoni kwamba Mombasa imetajwa pia, na kwamba rangi ya dhahabu ndiyo rangi ya watu wa mjini. Wakashindana hata wali ukapoa. Nami nilipowaeleza kwa adabu kwamba hao ni aina moja kwa rangi mbalimbali, na kwamba bahari na mpaka wa nchi havimhusu buibui, walipatana mara moja, wakanigeukia mimi.

Ukweli ni kwamba huyo ndugu yetu hamfai kabisa mwanafunzi. Tarantula wengi wa Amerika, mtu akiwachokoza, huwa na silaha ya kutangulia, nayo ni nywele za kuwasha. Wa Afrika hawana nywele hizo, basi hawana la kutegemea ila mbio na chonge, na huyu wetu havihifadhi vitu hivyo kwa siku kubwa. Hujitupa nyuma, akainua miguu ya mbele, akaonyesha chonge, na kabla mtu hajamaliza kusema simile amekwisha kufika mwisho wa koleo. Wafugaji wa Kiingereza wamempa lakabu yenye maana ya kile kidude cha chungwa kiumacho. Sumu yake haijulikani kumwua mtu, lakini maumivu na mikazo ya misuli huweza kumwandama aliyeumwa kwa siku kadhaa. Mjomba aliposikia hayo alifurahi mno, akasema kwamba sasa anamtambua kuwa ni wa kwao hasa.

Nyumba ya kumweka nayo ilizua neno. Jirani alinipa sanduku la kioo alilofugia samaki, zuri, lakini refu kwenda juu, na tarantula wa kukaa chini ni mzito wa tumbo, na tumbo lenyewe ni laini, hata akipanda kioo akaporomoka huweza kupasuka akafa. Ndiyo maana ikawa kanuni kwamba nafasi baina ya udongo na kifuniko isizidi sana mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Dawa ya sanduku refu ni kulijaza. Na katika nchi za baridi hujazwa nini? Hujazwa makumbi ya nazi, yaliyosagwa, yakakaushwa, yakashindiliwa kuwa tofali, yakafungwa karatasi yenye picha ya mnazi. Tofali likitiwa ndooni kwa maji ya vuguvugu huvimba likawa udongo mwekundu laini. Mjomba akalichukua tofali, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha, akauliza bei. Nikamtajia. Mjomba akaketi. Makumbi, katika pwani aliyozaliwa, ni kitu cha kuwashia moto na cha kufukiwa mchangani kisha kusokotwa kamba, na yanayobaki mtu hulipa vijana wamwondolee uani. Akahesabu kwa vidole yaliyomo uani mwake wakati ule, akayazidisha kwa bei ya Leicester, na kwa muda wa kikombe kimoja cha chai hakukuwa na tajiri mfano wake kutoka Lamu hata Kilwa. Gome la mti la kujifichia na kisahani cha maji, ambavyo ndivyo vyombo pekee vya ziada anavyovihitaji kiumbe huyu, hakuviuliza bei, nadhani aliogopa.

Kisha ikaja hoja ya baridi. Tarantula wa Chile huridhika na joto la chumba ambalo mtu aliyevaa shati jepesi huliona la kupendeza, na taa za kumpashia moto humkausha bure. Lakini Mjomba, ambaye alikuwa akilala na kofia ya sufu na makoti mawili, aliingiwa na huruma kubwa juu ya mnyama wa watu, akawa kila usiku akiamka kwa hisani yake kupandisha joto la nyumba nzima kwa niaba ya buibui. Hesabu ya gesi ilipokuja, buibui ndiye aliyeshitakiwa, naye hakujitetea.

Chakula chake ni nyenje, ambao huuzwa hai katika vijisanduku vya plastiki, na mkubwa humtosha wachache kwa juma moja au mawili. Nasaha yangu kwa mwenye kuanza ni kuwakwepa wale weusi, ambao madume yao ndiyo mahodari wa kuimba, akatafuta wa kahawia, walio na haya zaidi. Duka siku ile lilikuwa na weusi tu. Mjomba, aliyeona si halali kumfungia kiumbe bila chakula huku kingine kikingoja kumla, alikifunua kifuniko awape hewa na kipande cha embe, akaenda kutawadha. Na aliporejea embe lilikuwapo. Wakahamia nyuma ya jiko, ndani ya ukuta, chini ya mashine ya kufulia, na usiku wakaanza. Mama watoto, ambaye hakupata kumlalamikia buibui hata siku moja, alitamka maneno ambayo sitayaandika. Ilhali Mjomba asubuhi yake alishuka akinyosha mikono, akasema kwamba tangu aondoke Tanga hajalala usingizi mnono kama ule.

Wageni ndio taabu nyingine. Kila ajaye huinama kiooni, akatazama, kisha huuliza, "Anafanya nini?" Jibu la haki ni kwamba hafanyi kitu, wala hapaswi kushikwa mkononi ili afanye, maana akianguka hasara ni yake. Mjomba alilitahayarikia jibu hilo kana kwamba ni upungufu wa ukarimu wa nyumba, na jioni moja, palipokuwa na watu wa heshima kutoka msikitini, alichomoa ujiti wa ufagio akamdukua buibui kiunoni ili aamke awaamkie wageni. Buibui aligeuza mgongo, akasugua tumbo lake kwa miguu ya nyuma kwa upesi ambao hatukujua anao, na zikaruka hewani nywele ndogo ambazo zikimpata mtu ni kama upupu. Hakupatwa mtu machoni, alhamdulillahi, maana huko ni jambo la hospitali. Lakini mazungumzo ya jioni ile yalifanywa na watu wanaojikuna shingo, na nywele zile tukazing'oa kwa utepe wa gundi.

Baada ya hapo buibui akaacha kula. Watu wa Chile, namaanisha buibui, wamejulikana kwa kufunga kwa miezi bila kudhurika, na mwenye kuona tumbo limenenepa, na ile sehemu ya kipara mgongoni imeingia weusi, hujua kwamba kiumbe yu karibu kujivua gamba. Mjomba hakuridhika. "Hata Ramadhani," akasema, "ina magharibi yake." Na usiku alipomkuta amelala chali, miguu ameitandaza, alinigongea mlango kwa upole wa mtu aletaye habari ya msiba, akauliza kama shimo lichimbwe chini ya mti gani.

Nikamweleza kwamba tarantula afaye hafi hivyo. Miguu yake hunyoshwa kwa nguvu ya maji ya mwilini, na maji hayo yakipungua hujikunja chini ya kifua. Alalaye chali, aghalabu, yumo kazini, na mtu humtumikia kwa kumwondolea nyenje wasije wakamtafuna angali laini, na kwa kutomgusa, wala kumlisha tena mpaka chonge zake, ambazo hutoka nyeupe, ziwe nyeusi. Mjomba alikaa macho. Alfajiri alitoka kusali, akapita kiooni, na sauti niliyoisikia ilikuwa, "Wamekuwa wawili!"

Ngozi ile aliyojivua ilikuwa kamili kwa miguu, manyoya na chonge, hata asiyejua angeapa kwamba ni buibui aliyejikalia. Nikaitoa, nikaiweka rafuni, maana ndani ya ngozi ndimo lilimo jibu la swali langu la kwanza: sehemu ya tumbo ikilainishwa kwa maji ya sabuni na kukunjuliwa, baina ya alama za mapafu ya mbele jike huonyesha kifuko cha kuhifadhia mbegu, na dume haonyeshi. Nilikuwa nikingoja kuazimwa kioo cha kukuzia. Mjomba akaondoka, na ngozi ikaondoka.

Habari zake zinanifikia. Hukaa barazani, Ngamiani kule Tanga, akafungua mkebe wa biskuti, akasimulia jinsi alivyomkabili jitu lile la Uingereza na kulimaliza kwa kubadhi moja. Basi msomaji uliyeko Tanga, ukipita huko baada ya laasiri ukamkuta, usimtahayarishe mbele ya wenzake; msikilize mpaka mwisho, umsifu ushujaa, kisha umwombe kwa faragha anirudishie ngozi yangu kwa posta, ndani ya pamba, tumbo lisivunjike; kwa maana mama watoto huniuliza kila juma kama kiumbe huyu tutakaa naye hata mwakani au hata wajukuu, na mimi sina la kumjibu.