Unamsubiri Nani?

London, Jumapili usiku

Mjomba,

Dhumuni la barua hii ni kumtuliza mama. Nasikia tangu Jumatano hali vizuri, na kwamba dua imeshasomwa mara mbili hapo nyumbani kwa ajili yangu. Chanzo ni yule kitindamimba wetu. Nilimwambia kwenye simu kwamba siku zangu za mapumziko nafanya kitu kinachoitwa trainspotting. Badala ya kuniuliza ni kitu gani, akaenda kutafuta mwenyewe, akakutana na filamu ya mwaka 1996 yenye jina hilo hilo. Filamu yenyewe inahusu vijana wa Edinburgh wanaojidunga heroini. Akaitazama mpaka mwisho, kisha akamwita mama aje aone.

Mwambie dada yako sijidungi kitu. Natazama treni. Nakwenda mahali, nasimama, treni inapita, naandika namba ya kichwa kwenye daftari, nasubiri nyingine. Najua ukimweleza hivyo atauliza kama heroini si afadhali, maana ile angalau ina hospitali yake.

Wewe utanielewa, na ndiyo sababu barua hii inakuja kwako. Ni wewe uliyenipeleka stesheni ya Tabora nikiwa na miaka sita, umevaa sare ya ugadi, bendera mbili kwapani, ukanionyesha treni ya kutoka Dar ikikatwa vipande kama mkate: hiki cha Kigoma, hiki cha Mwanza, hiki cha Mpanda. Na unakumbuka kwamba pale stesheni hakuna anayekuacha usimame bure. Muuza karanga atakuuliza, mchukuzi atakuuliza, mama mwenye mizigo ambaye humjui atakuuliza: unamsubiri nani? Ukijibu kwamba humsubiri mtu, unatazama treni tu, basi swali la pili ni wewe mtoto wa nani, na la tatu wanauliza wenyewe kwa wenyewe.

Huku wapo watu wazima, wenye wake na pensheni, wanaosubiri treni isiyo na mtu wao hata mmoja ndani. Unawaona mwisho kabisa wa jukwaa, kule ambako abiria hafiki. Wana chupa ya chai, daftari, kamera, na koti la mvua lenye kofia. Koti hilo linaitwa anorak, na limewaganda mpaka likawa jina lao: siku hizi Mwingereza akimwita mwenzake anorak anamaanisha huyu kapagawa na kitu ambacho wengine hatukioni.

Aliyewapa kitabu cha kazi alikuwa karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern pale Waterloo, Ian Allan. Wakati wa vita kuu ya pili barua zilikuwa zinamiminika ofisini kwao, watu wanauliza habari za vichwa vya treni. Akachoka kujibu moja moja. Akaorodhesha vichwa vyote vya kampuni hiyo, namba kwa namba, akapeleka wazo kwa wakubwa wake, wakalikataa. Akachapisha mwenyewe, mwaka 1942. Vijitabu vikaisha, na nchi nzima vijana wakaanza kupiga mstari chini ya kila namba waliyoiona kwa macho yao. Nafikiria sana wale wakubwa. Nasi huko tunao wa namna hiyo, lakini wetu wasingemwachia karani akachapishe mwenyewe.

Sasa, mahali. Hii ndiyo elimu yenyewe, Mjomba, namba ni nyongeza tu. Mahali pazuri pawe na treni nyingi za aina nyingi. Jua liwe mgongoni. Reli ipinde kidogo, ili treni ijionyeshe mwili mzima na siyo uso peke yake. Kuwe na choo. Waingereza wanakwepa kulitaja hilo la choo, lakini ndilo linaloamua siku yako itaisha saa ngapi.

Nilianzia Clapham Junction, ambako kila anayeanza huambiwa aanzie. Stesheni hiyo haiko Clapham, iko Battersea, lakini walioipa jina hawakujali. Ina majukwaa 17. Treni za kutoka Waterloo na nyingi za kutoka Victoria zinapitia hapo, na saa za watu kwenda kazini zinapita zaidi ya mia kwa saa moja. Mia, Mjomba. Wewe uliyenisimulia namna mlivyolala siku mbili njiani mkisubiri njia itengenezwe, kaa chini kwanza. Halafu upande ule wa kusini hawatumii nyaya za juu, umeme wa volti 750 unapita kwenye reli ya tatu pale chini, kwa hiyo picha inatoka safi bila kamba za kuanikia nguo. Ukiiona hiyo reli ya tatu hutamani hata kudondosha kalamu.

Nikamwendea mfanyakazi wa stesheni, nikavua kofia, nikamweleza kwamba mimi sisafiri, naomba kutazama treni. Nilikuwa na kitambulisho mkononi na maelezo marefu kichwani. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia nisipige picha kwa mwanga wa flashi, maana unampofusha dereva, nikae nyuma ya mstari wa njano, na kwamba wenzangu wako kule mwishoni.

Wenzangu! Nikaenda. Ndiko nilikompata Mzee wa Koti. Jina lake analo, lakini kwangu ni Mzee wa Koti. Alinisalimia kwa kidevu, tukakaa dakika arobaini bila neno. Kisha akafungua chupa yake, akanimiminia chai kwenye kifuniko. Kwa adabu ya kwetu nami nikatoa nilichokuwa nacho, matobolwa yale uliyonitumia. Akachukua kipande kimoja, akakitia mdomoni. Zikapita treni za Brighton. Zikapita za Southampton. Kipande bado kiko shavuni, kinahama kushoto na kulia kama kichwa kinachopanga mabehewa. Mwisho akakitoa, akakitazama, akaniuliza kwa upole kama ni cha kula au ni cha kupitishia muda. Nikamwambia ni viazi vitamu, vimepikwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Akasema anavyo viatu vya namna hiyo. Lakini alikirudisha mdomoni, na siku hiyo akanifundisha kusoma namba: tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la kichwa, zinazofuata ni namba yake mwenyewe, kama vile ukoo na jina.

Pigo langu la kwanza nililipata kwenye stesheni nyingine, ambayo sitaitaja. Niligusisha kadi getini, nikaingia, nikatazama treni saa tatu nzima, nikatoka kwa geti lile lile. Kadi ikalia vibaya. Kumbe kwa hesabu ya mashine mtu hawezi kukaa stesheni saa tatu kisha akatokea alipoingilia. Lazima amesafiri akaficha alikokwenda. Nikakatwa nauli mbili kubwa. Wewe miaka yote hiyo uliwafukuza waliopanda bila kulipa, huku nimekuwa wa kwanza katika ukoo kulipa bila kupanda. Maandishi yanayoonya kuhusu hilo yapo. Niliyasoma wakati nasubiri kulalamika.

Kwa hiyo nikahamia madarajani, ambako hakuna geti. Tatizo la madaraja ya huku ni kuta. Waliojenga zamani walijenga kuta za matofali zinazonifikia kidevuni, na penye nyaya za volti 25,000 zimeongezwa vizuizi juu yake. Wenye uzoefu huja na ngazi ndogo ya kukunja. Mimi nikaja na kigoda cha bafuni.

Sasa nione: nimepanda kigoda, juu ya daraja, kaskazini mwa jiji, kwenye njia inayotoka King's Cross kwenda Edinburgh. Manyunyu. Niko peke yangu, nimekodolea macho reli. Akapita bibi mmoja na mbwa wake. Akasimama. Ujue, London mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta nawe miaka minne asikusemeshe. Bibi akaniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama, ahsante. Akanieleza habari za mvua. Akanieleza habari za mbwa, umri wake, figo zake, na chakula alichokatazwa. Nikateremka kwenye kigoda, maana siwezi kumsikiliza mtu mzima nikiwa nimempita kimo. Treni mbili za Scotland zikapita nyuma ya ukuta, nikazisikia tu. Robo saa nzima! Mwisho akaniuliza kama ninaye mtu wa kumpigia simu nikizidiwa. Nikamjibu ninao wengi mno, na wote wanataka hela. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake akigeuka geuka.

Mzee wa Koti ndiye aliyenifumbua macho. Stesheni za huku zina matangazo yanayowaomba watu wamsemeshe yeyote wanayemwona peke yake karibu na reli na wanamtilia wasiwasi, hata kwa habari za hali ya hewa, kwa kuwa maneno machache yanaweza kumrudisha aliyekata tamaa. Bibi wa watu alidhani ananiokoa. Ningejua ningemsindikiza mpaka kwake, ili yeye ndiye alale salama. Kigoda kimerudi bafuni. Na hili la bibi usimsomee mama.

Stratford, mashariki, nilikwenda kwa ajili ya treni za makontena zinazotoka bandari ya Felixstowe. Nyingi zinavutwa na vichwa vya daraja la 66. Mzee wa Koti aliniambia kwa fahari kwamba vingi kati ya hivyo vilitengenezwa London. Nikashangilia. Akaniacha nishangilie vya kutosha, ndipo akaongeza: London ya Ontario, Kanada. Huo mzaha wanao tangu mwaka 1998 na hawajauchoka.

Lakini mahali pangu nimepapata, nalo ndilo la kukueleza hasa. Ni Southall, magharibi, kwenye daraja la waenda kwa miguu. Njia ya reli inayopita chini yake ni ya Brunel, yule mhandisi aliyetandika reli zenye upana wa milimita 2,140. Zetu za Mjerumani ni milimita 1,000. Maana yake, ukizipanga njia mbili za Tabora ubavu kwa ubavu ndani ya moja ya Brunel, kuku bado anapata pa kupita. Walimaliza kuing'oa mwaka 1892, sasa ni 1,435, sawasawa na hiyo reli mpya inayojengwa kuja kwenu. Bango la stesheni limeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za Kipunjabi, sambusa zinauzwa mwendo wa dakika chache, na upande mmoja unaona mnara wa zamani wa maji uliojengwa kama ngome. Watu wanaishi ndani yake. Hata usiniulize kodi.

Jumamosi nilikuwa darajani pale, naongea na mama kwenye simu, naapa kwa mara ya tatu kwamba mikono yangu haina alama za sindano. Nikakata simu. Nyuma yangu sauti ikasema:

“Wee kijana, unangoja nani hapa?”

Mjomba, simu nusura inidondoke relini. Nikageuka. Mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, mfuko wa bamia mkononi. Amezaliwa Nakuru, baba yake alikuwa fundi wa reli, akaja huku mwaka 1968, wakati Waasia wengi wa Kenya walipokuwa wanahamia. Kiswahili chake kimebaki cha chakula na matusi ya karakana, lakini kwa hivyo viwili tulizungumza saa nzima. Nikamwambia simngoji mtu, nangoja treni ya mawe kutoka machimbo ya Mendip. Akasema basi naye ataingoja. Akaweka bamia chini.

Ikaja. Ndefu, nzito, daraja likatetemeka mpaka magotini. Tukaanza kuhesabu mabehewa kwa sauti, mimi na yeye, kama watoto. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, hapo mzee akakwama. Amesahau kinachofuata. Akanishika bega: “Baada ya kumi na tisa ni nini? Ni nini?” Nikamwambia ishirini. “Ishirini!” akapiga kelele, akaendelea ishirini, ishirini, ishirini, mpaka mkia wa treni ukapotea.

Namba ya kichwa sikuandika. Najua ndicho utakachouliza kwanza, nisamehe.

Jumamosi ijayo tunakutana tena. Tafadhali mpe yeyote anayesafiri matobolwa kilo mbili. Meno ya mzee huyu ni yake mwenyewe, nimeshamuuliza.

Mpwa wako.